Mbao za Chini ya Slabu

Jescah hakuwa na mtoto mwingine ila Beldina wa darasa la tatu, na wiki ile ya makumbusho ya marehemu baba mkwe wake alimtafuta kwa macho kila alipoinua kichwa jikoni. Nyuma ya nyumba palikuwa pamechimbwa choo kirefu cha wageni, na mama yeyote hana raha mtoto akicheza karibu na shimo.

Mipango yote ilishikwa na shemeji yake, Osiako, aliyewahi kufanya kazi na watu wa barabara kule Ekero. Alibandika karatasi kubwa ya manila ukutani. Kila kazi aliichorea mstari, na kando yake jina la mtu: kuchimba, kumwaga slabu ya simiti ya kufunika shimo, kujenga jukwaa. Palipotakiwa kitu kiwe kimekamilika, alichora nyota. Nyota ya "Choo tayari" ilikaa Alhamisi.

"Nyota si kazi, shemeji," alimweleza Jescah kwa madaha. "Haina mtu, haina jasho. Inaonyesha tu tumefika."

"Na simiti kukauka umeandika wapi?"

Wanaume waliokuwa wakinywa chai wakaangua kicheko. "Kukauka tumwandikie nani?" akauliza Were, binamu ya mumewe. "Bwana Jua?"

Kwao, jambo lisilo na mtu wa kushika jembe halikuwa kazi, basi halikupata mstari. Mwenye shughuli bomani kwake aangalie hapo. Kati ya slabu na ile nyota pakabaki patupu, na patupu hapo hapakuwa na mwenyewe.

Fundi Makhanu alimwaga slabu, akaacha mbao zikiishikilia kwa chini, akasema zisiguswe mpaka arudi aikague mwenyewe. Kisha akaitwa kazi nyingine Matete. Kurudi kwake nako hakuna aliyekuandika. Mvua ikanyesha kila alasiri.

Alhamisi asubuhi Jescah akawakuta Osiako na Were wakizivuta zile mbao kupitia mwanya wa nyuma ya shimo.

"Makhanu amerudi?"

"Jukwaa linaanza leo, na mbao ni hizi hizi," Osiako akamjibu.

"Nani amesema slabu imekauka?"

"Si leo ni Alhamisi? Mama Beldina, wewe unaogopanga hata kivuli. Rudi kwa ingokho zako, kuku hawajinyonyoi."

Were akapanda juu ya slabu, akaikanyaga huku na huku. Haikutikisika. "Umeona?"

Osiako akaingia ndani, akaipaka nyota rangi nyekundu. Basi, imefika. Choo cha zamani wakakiziba kwa matawi ya miiba ili wageni wasikione.

Jescah akamshika mwanawe bega. "Ukibanwa, njoo kwangu. Nitakupeleka choo cha jirani, kwa kina Nekesa. Kile kipya usikiingie."

"Lakini mama, watu wanaingia."

"Wewe usiingie. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Kesho yake wageni wakajaa. Waliingia wakatoka, na kila aliyetoka mzima alimfanya Jescah aonekane mjinga. Hata hivyo hakuacha kuchungulia. Ila sufuria ya obusuma, ugali wa wageni, ilikuwa nzito, wakamwita ashike upande mmoja, na moshi ukamziba macho. Beldina akaja jikoni akimtafuta, akamkuta shangazi Pascalia mlangoni.

"Mama yuko wapi?"

"Mama ana shughuli. Unataka nini?"

"Choo."

"Si kile pale? Kimbia."

Jescah alisikia kishindo kama gunia la mahindi limetupwa, halafu ukelele mmoja, halafu kimya. Hakuuliza ni nini. Alikimbia mwiko ungali mkononi. Slabu ilikuwa imekatika katikati, na kule chini palikuwa na giza na maji ya mvua. Wanaume wakafungua kamba za hema, Were akashuka. Alipopanda na mtoto begani, hakumtazama mtu usoni.

"Ilikuwa imefika," Osiako alirudia. "Jamani, si ilikuwa imefika?"

"Siku ndiyo iliyofika," Jescah akasema, akipangusa matope puani mwa mwanawe kwa ncha ya leso. "Hiyo slabu nani aliiuliza?"

Wageni waliokuja kumkumbuka mzee hawakurudi makwao. Wanawake wakatandika mikeka sebuleni, wakaanza kulia upya, sasa wakimlilia Beldina.