Makofi ya Mlimani

Tangazo aliliandika mkurugenzi kwa mkono wake mwenyewe, likachapwa, likagongwa muhuri. Watumishi wote wa makao makuu watapanda mlima siku ya Jumamosi ili kujenga ushirikiano. Kila mtu aje na maji na viatu imara. Dawa ya kufukuza wadudu haihitajiki, kwa kuwa mlimani hakuna wadudu. Karani wa masjala ndiye aliyelipokea, akalipa namba, akalifunga kwenye jalada. Na katika ofisi ile, jambo likishaingia kwenye jalada limekuwa kweli. Anayetaka kulibisha aandike barua, ipite ngazi zote, naye asubiri majibu.

Kusubiri karani alikuwa anakujua. Mwaka wa tatu sasa alikuwa anasubiri barua yake ya uhamisho. Mkewe alikuwa mwalimu katika mji wa mbali, safari ya siku mbili kwa basi, na binti yao wa miaka minne alimjua baba kama sauti inayotoka kwenye simu. Siku moja mtoto alionyeshwa picha ya baba akauliza kama huyu ndiye fundi aliyekuja kutengeneza bomba. Karani alipohadithiwa hilo alicheka, kisha akaingia stoo ya majalada, akafunga mlango, akalia kama mtoto.

Barua yenyewe ilikuwa imepigwa danadana meza kwa meza, kila meza ikitia saini yake, mpaka ikabaki saini moja tu, ya mkurugenzi. Wiki ile mkurugenzi alikutana naye kwenye ngazi akamshika bega.

"Barua yako ninayo. Nitaisaini kileleni, mbele ya wote, wajue kwamba nawajali watu wangu."

Karani akaazima viatu kwa jirani.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, jua la kiangazi likiwa limeshachachamaa, watumishi kumi na wawili waliteremka kwenye gari na kuanza kupanda. Walipovuka kijito cha kwanza tu, usubi wakawapokea. Usubi ni vijidudu vidogo mno, ukiviona kwa mbali utadhani moshi, lakini kikikuuma kimoja unaruka. Nyuma yao wakaja pange, inzi wakubwa wenye macho ya kijani, ambao wao wanachana ngozi kabisa ndipo wanywe.

Mhasibu alikuwa wa kwanza kushindwa kuvumilia. Alijizaba kofi la shingo, pwaa! Mkurugenzi aliyekuwa anaongoza njia akageuka.

"Vipi, mhasibu, kuna tatizo?"

Mhasibu akashusha mkono. Tangazo alikuwa ametia saini kwamba amelisoma na kulielewa.

"Hakuna, mkurugenzi. Najipongeza tu. Tumefika mbali!"

"Safi sana! Huo ndio moyo ninaoutaka."

Afisa utumishi, mama mwenye akili za haraka ambaye kwa kujipendekeza alikuwa hana mpinzani jengo zima, aliiona njia pale pale. "Jamani, tumpigieni makofi mkurugenzi kwa wazo hili la kutuleta huku!" Akaanza yeye, kwanza sikio la kushoto, kisha la kulia, mahali usubi walipokuwa wamejazana. Makofi sita, wadudu kama ishirini. Wenzake wakamwelewa bila kuelezwa.

Tangu hapo safari nzima ilikuwa ni makofi. Walipigia makofi mandhari, wakapigia makofi jiwe, wakampigia makofi mkurugenzi kwa jinsi alivyoruka gogo. Katibu muhtasi alipiga makofi yake kwenye mapaja, akasema tangu shule yeye ndivyo anavyoshangilia. Nyuso zilikuwa zimeanza kuvimba, jicho moja la dereva limeziba kabisa, na bado kila aliyeulizwa hali alijibu kwamba hewa ya huku ni dawa. Watu wazima, wenye vyeti na familia! Karani naye alikuwemo. Alikuwa akijipiga usoni huku akisema, "Hongera, mkurugenzi, hongera," na kila kofi alikuwa analihesabu kama hatua moja kwenda kwa mwanawe.

Kileleni mkurugenzi alivua kofia, akatoa karatasi ya hotuba. Alikuwa ameandaa dakika kumi. Lakini katika miaka yake yote ya uongozi hakuwahi kushangiliwa namna ile. Alisema "Ndugu watumishi," wakapiga makofi. Alisema "Nadhani," wakapiga makofi. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akasema leo ataongea kutoka moyoni, na ikapita saa nzima.

"Na sasa," alisema hatimaye, akitoa bahasha na kalamu, "karani wetu, njoo hapa karibu."

Karani alisogea. Wakati huo huo pange mmoja akatua katikati ya kipara cha mkurugenzi. Wote walimwona. Makofi yakakatika, na kwa mara ya kwanza mlima ukawa kimya. Pange akajiweka sawa, akaanza kazi.

Mkurugenzi aliendelea kuongea. Alikuwa anaongelea uadilifu, lakini maneno yalikuwa yanamtoka moja moja na machozi yanamlengalenga. Afisa utumishi akanong'ona kwamba kiongozi ameguswa. Karani peke yake, aliyesimama hatua moja kutoka kwake, aliona kwamba mtu anaumia. Uzi mwembamba wa damu ulikuwa unashuka kuelekea kwenye nyusi. Mkurugenzi akamtazama kwa macho ya kuomba, na karani akamwonea huruma kweli. Mkono ukaondoka wenyewe.

Pwaa!

Pange alianguka kwenye majani. Kalamu nayo ikaanguka. Mkurugenzi alisimama ameduwaa, alama ya vidole vinne ikianza kujitokeza juu ya kichwa.

"Amempiga mkurugenzi!" afisa utumishi alipiga ukelele.

"Kulikuwa na nini?" mkurugenzi aliuliza, akiwageukia wote. "Mmeona kitu chochote?"

Mhasibu alitazama viatu vyake. Dereva alisema yeye ana jicho moja tu kwa leo. Katibu muhtasi alisema alichoona ni kofi. Nyuso kumi na moja zilizovimba zikakubaliana kwamba hakuna kilichoonekana.

Mkurugenzi akamvuta karani pembeni, nyuma ya mwamba, akajipapasa kichwa na kuutazama mkono wake uliokuwa na damu. Sauti aliyoitoa haikuwa ya ofisini.

"Niambie ukweli, tuko wawili tu. Alikuwa mdudu?"

Bahasha ilikuwa bado mkononi mwake. Neno moja tu lilihitajika, na lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini karani alikuwa na miaka kumi na mitano katika ofisi ile, na hajawahi kuona bosi akiuliza ukweli isipokuwa kumtafuta wa kumfukuza. Tangazo linasema hakuna. Jalada linasema hakuna. Akimbishia sasa, barua inakwenda na maji. Akapiga moyo konde.

"Hakuna mdudu, mkurugenzi. Nilikuwa nakupongeza. Hotuba imenigusa, mkono ukanizidi nguvu."

Mkurugenzi aliifuta damu ya mkononi kwenye suruali. Kisha uso wake ukarudi kuwa wa ofisini, akamrudisha mbele za watu, akamkumbatia.

"Ndugu zangu! Wengine wote mmepiga makofi hewani. Huyu mmoja amenifikishia mwenyewe. Mtu kama huyu nimpeleke mji wa mbali, nibaki na nani?" Akaichana bahasha vipande viwili, akaichana tena vinne. "Kuanzia Jumatatu, huyu ni msaidizi wangu binafsi. Haondoki upande wangu!"

Makofi yakalipuka, kwa sababu usubi walikuwa wamerudi.

Simu ililia mfukoni mwa karani. Alikuwa amemwahidi mkewe kumpigia mara tu saini itakapotiwa, na mkewe ameshindwa kungoja.

"Halo, baba mtoto. Amesaini?"

Karani alivitazama vipande vya bahasha kwenye majani. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani mwake.

"Nimepandishwa cheo," alisema.

Kwa mbali alimsikia mtoto akiuliza, "Anakuja? Mama, anakuja?"

"Na makofi hayo ya nini?" mkewe akauliza.

Aliwatazama wenzake. Mhasibu alikuwa anajizaba shingo, afisa utumishi masikio, katibu muhtasi mapaja. Kwenye mkono wake mwenyewe ulioshika simu, pange mwingine alikuwa ametua na anakunywa taratibu. Karani alimtazama, na hakumfukuza.

"Wananipongeza, mke wangu," alisema. "Wamefurahi sana."