Mita Elfu Tatu na Mia Nne

Katika kijitabu cha picha alichokileta bwana harusi, hoteli ile ilijisifia kila kitu isipokuwa mwinuko wake. Ilisema iko juu ya mawingu. Ilisema wageni huamka wakayakuta mawingu yamelala bondeni kama pamba iliyochambuliwa. Mimi nimekuwa mpima ardhi kwa miaka thelathini na minne, na mtu akiniambia "juu ya mawingu" humuuliza ni mita ngapi. Ijumaa ile nilitoa ramani ya nchi hiyo ya kigeni kwenye droo ya ofisi, nikaitandaza mezani, nikahesabu mistari ya mwinuko kwa ncha ya sindano, kila mstari mita ishirini. Nilihesabu mara tatu, kwa kuwa mara mbili za kwanza nilitamani mno kuwa nimekosea. Elfu tatu na mia nne.

Mpwa wangu, aliyekusudia kufunga ndoa huko, ana selimundu. Hewa ikipungua, chembe za damu yake hujikunja kama mundu na kuziba mishipa. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, walimu waliwapeleka wanafunzi matembezi kwenye uwanda wa juu, mita elfu mbili na mia nne tu, na mimi ndiye niliyekwenda kumchukua kwa gari la kazi. Alikuwa amelia hata sauti imekauka. Njia nzima aling'ata mkanda wa kiti. Alilazwa siku tisa, na siku ya kumruhusu daktari alituita, mimi na marehemu dada yangu, akasema bila kuinua macho kwenye faili: "Mkimpandisha tena, msimlete kwangu. Sitakuwa na la kumfanyia."

Bwana harusi hakulijua hilo. Aliambiwa kwamba mchumba wake husumbuliwa na baridi yabisi. "Nitamwambia mwenyewe, Mjomba," mpwa wangu aliniomba siku ya posa, nami nikampa neno langu kwamba sitamtangulia. Nilisoma shule ya bweni ambako mvulana aliyevunja neno lake alikula peke yake muhula mzima. Mimi sikuwahi kula peke yangu. Miezi mitatu ilikuwa imepita na hakuwa amesema.

Jumapili alasiri mimi na mpwa wangu tulifika sebuleni kwa mama wa bwana harusi, mwanamke mpana, mchangamfu, aliyestaafu usimamizi wa kantini ya kiwanda. Mezani zilikuwapo hoteli mbili, zote nje ya nchi: moja kando ya ziwa, nyingine ile ya mlimani. Ilikuwa lazima ichaguliwe moja kabla ya jioni, maana ya mlimani ilishikilia nafasi yetu hadi saa kumi na mbili.

"Ziwani kuna mbu," alisema dada yake bwana harusi, karani wa mahakama, ambaye aliandika kumbukumbu za kikao kana kwamba kuna mshtakiwa.

"Mlimani kuna kona," nikasema. "Mvua ikinyesha, barabara ile haifai."

"Mjomba, si wewe uliyepima barabara za porini?" bwana harusi akauliza. "Leo kona zinakutisha?"

"Si kona hizo, ni baridi," mama yake akasema. "Usijali, Mjomba. Nitakufumia soksi mpaka magotini."

Wakacheka. Nami nikacheka, na kicheko changu mwenyewe kikanichefua, kwa sababu nilijua nilichokuwa nikifanya: nilitafuta mlango wa uani ili ukweli upite bila kuonekana.

Bwana harusi ni fundi wa lifti, kijana asiye na makuu. Alikishika kijitabu kwa mikono miwili. "Mimi kutwa niko ndani ya shimo," akasema. "Ukuta mbele, ukuta nyuma, taa kichwani. Siku moja tu nataka nisimame mahali pasipo na ukuta hata mmoja, na huyu awe kando yangu. Basi."

"Tupige kura," karani akasema. "Wanaotaka mlima, mikono juu."

Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa mpwa wangu.

Akaondoka kwenda kupika chai, akikwepa macho yangu, nami nikamfuata jikoni kwa kisingizio cha kunawa. Alisimama mbele ya birika, mikono kifuani, kanga imebana mabega.

"Unajua ni mita ngapi?" nikamuuliza.

"Nitakunywa maji mengi. Nitavaa nguo nzito. Ni siku mbili tu, Mjomba."

"Mara ya kwanza ulikaa huko saa nne tu."

"Nilikuwa mtoto." Akafungua kopo la sukari, akalifunga. "Umemsikia anavyoupenda ule mlima. Nikisema ziwani, ataniuliza kwa nini. Nikimwambia kwa nini, na watoto je? Mama yake anataka wajukuu kabla hata hajapata mkwe. Ataondoka. Mchumba wa kwanza aliondoka, unakumbuka, wala hakuaga."

"Nakumbuka."

"Basi niache niolewe kwanza."

"Uolewe, kisha nikurudishe ndani ya nini?"

Birika lilianza kutokota, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba anaogopa kuliko mimi, ila kila mmoja wetu alikuwa akimwogopa mnyama wake.

"Chai ikishamiminwa," nikasema, "sema wewe. Usiposema, nitasema mimi."

"Ulinipa neno lako."

"Nilikupa. Nitalivunja na nitaaibika hadi kaburini. Lakini utakuwa hai wa kunitukana."

Tulirudi sebuleni, yeye mbele na sinia, vikombe vikigongana. Alimmiminia mama mkwe, akammiminia karani, akanimiminia mimi. Cha mchumba wake alikijaza mno, chai ikafurika kwenye kisahani.

"Haya, natuma," karani akasema, kidole juu ya simu. "Hoteli ya mlimani, wageni thelathini. Kuna mwenye pingamizi, au anyamaze milele?"

Nilisimama.

"Kaa, Mjomba," mpwa wangu akasema. Kisha akaliweka birika chini na kumgeukia mchumba wake. "Sina baridi yabisi. Nina selimundu, tangu nizaliwe. Nikipanda huko naweza nisishuke."

Karani aliiweka simu mezani, kioo kikitazama chini.

"Mficha maradhi..." mama wa bwana harusi akaanza, halafu akaziba mdomo kwa kiganja. Sote tulikuwa tunaijua nusu iliyobaki.

Bwana harusi alikitazama kile kisahani. Alipozungumza, alizungumza polepole, kama anayekagua waya mmoja baada ya mwingine. "Mlimani hatuendi," akasema. "Hilo limekwisha. Dada, futa."

"Na watoto?" mama yake akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kwa hofu.

"Hilo hutegemea damu yangu pia. Sijawahi kupima. Kesho asubuhi nakwenda."

"Na ukikutwa nawe umebeba selimundu?" mpwa wangu akauliza.

Nilimwomba Mungu kijana aseme lolote la kufariji, hata kama ni uongo.

"Sijui," akasema.

Nilimheshimu kwa jibu hilo, na lilinitisha kuliko mlima. Karani alishika kalamu bila kuandika. Mpwa wangu alivuta kiti, akakaa, mita moja hivi kutoka kwa mchumba wake, mikono mapajani. Kijana alikunywa kidogo, akaimimina chai ya kile kisahani ndani ya kikombe, akauliza, bila kumtazama yeyote, kliniki hufunguliwa saa ngapi.

"Saa mbili," mpwa wangu akasema. "Lakini foleni huanza saa kumi na mbili. Nitakuonyesha dirisha."