Mayai Sita ya Mkaguzi

Jumanne asubuhi, fundi cherehani alipofungua banda la uani, alimkuta kuku wake amesimama pembeni, mkia chini, mabawa yamelegea. Alijikaza, akapumzika, akajikaza tena. Pumba za jana hazikuguswa, na upanga wake wa kichwani ulikuwa umepauka.

Kuku huyo aliitwa Mkaguzi, kwa sababu hakupita kitu bila kukitazama kwanza kwa jicho moja. Jina alipewa na mwenyewe wa kwanza, mdogo wake fundi, ambaye miezi mitatu nyuma alifariki akijifungua, yeye na mtoto. Daftari la wodi liliandika kwamba alifika saa nane mchana, amechelewa mno. Fundi ndiye aliyempeleka, na alimfikisha saa mbili asubuhi. Mama yao siku ile alikuwa safarini. Aliporudi alisoma daftari, akaliamini. Wiki ile fundi alikuwa na sare za shule za kumaliza, na mama alizijua.

"Ulimaliza kwanza mishono yako," alimwambia siku ya tatu ya msiba, mbele za watu. Tangu hapo waliishi nyumba moja wakizungumza habari za chumvi na maji tu.

Fundi alimpigia simu daktari wa mifugo, naye akafika baada ya dakika ishirini, helmeti mkononi.

"Ameanza lini?"

"Nimemwona sasa hivi, alfajiri alikuwa bado bandani."

"Umefanya vizuri kuniita mapema."

Fundi akageuka, akajifanya anatafuta beseni.

Daktari alivaa glavu, akapaka kidole mafuta ya kupikia, akampima Mkaguzi taratibu. Yai lilikuwepo, limekwama. Wakamkalisha kwenye maji ya vuguvugu yaliyofika tumboni, daktari amemshika mabawa kwa mikono miwili.

"Pole, bibie," alimwambia kuku. "Pole sana. Tupo hapa." Kisha akamwambia fundi, "Huyu asiachwe peke yake hata dakika kumi. Huwa wanachoka, mtu anadhani wamelala."

Hasira zilimpanda fundi. Hakumkasirikia daktari, wala kuku. Alikasirika kwa sababu maneno yale yalikuwepo duniani muda wote, na mtu wa kuyasema alikuwepo, tena kwa kupigiwa simu tu.

Yai lilitoka saa tano kasoro. Lilikuwa la kawaida, ila zito. Daktari akamshauri alivunje, atazame kama kiini kiko sawa, akawasha pikipiki akaenda zake.

Fundi alilivunjia kwenye bakuli. Hakukuwa na kiini. Kulikuwa na saa moja nzima, ile ya kuanzia saa mbili hadi saa tatu, asubuhi ya siku ile ya hospitali. Ilimwagika mezani, ikajaa chumba: benchi la mbao, harufu ya dawa ya kudekia, saa ya ukutani yenye kioo kilichopasuka. Mdogo wake alikuwa amekaa, mkono kiunoni.

"Dada, hebu waambie tena," alisema.

Fundi akaenda dirishani kwa wauguzi, akawaambia tena. Akajibiwa wakae, wataitwa. Saa ilipokwisha, chumba kikarudi chumba, na maharage jikoni yalikuwa yameungua, kwa kuwa muda ulikuwa umepita kweli.

Kila siku Mkaguzi alijikaza, akakalishwa kwenye beseni, akataga. Hadi Jumapili mayai yalikuwa sita, moja limeshavunjwa. Yaliyobaki fundi aliyaandika ubavuni, kila moja saa yake, kwa chaki ya kukatia nguo: tatu, nne, tano, sita, saba.

Jumatatu alilifunga la saa tatu kwenye kitambaa, akalipeleka masjala ya hospitali. Karani aliligeuzageuza kwenye mwanga.

"Limetagwa lini?"

"Jumatano."

"Haya, livunje hapo, usiloweshe mafaili."

Saa ikamwagika kaunta nzima. Watu waliokuwa kwenye foleni wakajisogeza, wakampisha mdogo wake fundi nafasi kwenye benchi. Muuguzi aliyekuwa ameleta karatasi zake kupigwa mhuri alisimama mlangoni, akajitazama mwenyewe akipita mbele ya benchi na kikombe cha chai. Akajiona anapita tena, kikombe kitupu.

"Siku ile tulikuwa wawili wodi nzima," alisema. Na ilikuwa kweli.

Saa ilipokwisha, karani akafuta kaunta.

"Dada, saa hii ni halali kabisa. Hata saa ya ukutani ni ile yetu, tuliibadilisha mwezi uliopita. Ila daftari la mwezi ule limeshafungwa, na likishafungwa haliandikwi."

"Na haya mengine?"

"Yakae nyumbani. Hapa yataharibika."

Fundi alirudi akamkuta mama anachambua mchele. Kuhusu daftari alikuwa amekata tamaa. Hakutaka tena kitu ila mama yake arudi kuwa mama. Akaweka mbele yake yai la mwisho, lile la saa saba.

"Vunja, mama."

Mama akalivunja kwenye ungo. Akaiona saa ya ukutani. Akawaona wanawe wote wawili kwenye benchi, mmoja amemlalia mwenzake begani, mwingine amepakata mfuko wa nguo za mtoto. Aliyepakata mfuko aliinuka, akaenda dirishani, akasema, "Samahani, muuguzi." Akarudi. Akaenda tena, akasema samahani. Mama alimpapasa mgonjwa miguu hadi saa nane kamili, machela ilipokuja.

Mchele ukarudi kuwa mchele. Mkono wa mama ulibaki hewani.

"Kumbe mliwahi."

"Tuliwahi, mama."

Fundi alianza kulia. Miezi mitatu alikuwa akilisubiri neno hilo, na sasa limesemwa.

"Saa sita nzima," mama akasema. "Sasa mbona hukupiga kelele?"

Fundi aliyakumbuka mayai yote, yaliyovunjwa na yaliyobaki kwenye kikapu, saa baada ya saa, na hakuna hata moja ambamo alipaza sauti.

Mkaguzi alipona, sasa anataga mayai ya kawaida. Mama naye hasemi tena kwamba binti yake alicheleweshwa nyumbani. Wanaokuja kumpa pole anawaeleza kwamba alifia mikononi mwa hospitali, na kwamba dada yake alikuwepo, amekaa.