Vidonge vya Husnah

Nywele za Husnah zilipoanza kuota tena, mama yake Kaltumi alimshukuru Mungu na kusema yamekwisha. Kwa miezi minane walikuwa wameishi nusu nyumbani Kibuli, nusu katika wodi ya watoto wenye saratani ya damu. Sasa binti yake wa miaka tisa alikuwa anamaliza sahani mbili za wali na kugombana na watoto wa jirani. Daktari alisema vidonge viendelee miaka miwili, lakini vilikuwa vikimtapisha, na Kaltumi hakuona sababu ya kumtesa mtoto mzima. Siku ya kliniki ikapita. Ya pili nayo ikapita.

Aliyeshtuka kutowaona kliniki ni Huguette, mama kutoka Bukavu, ambaye kitanda cha binti yake Marie-Jeanne kilikuwa kando ya cha Husnah. Hakuwa na namba yao ya simu. Alijua tu kwamba Kaltumi ni Mnubi, anasuka vikapu, na anakaa karibu na msikiti wa Kibuli. Akapanda bodaboda, akauliza nyumba kwa nyumba, akapelekwa kwa wasukaji watatu wasiohusika, mpaka akafika uani ambako Husnah alikuwa anaruka kamba.

“Mama Husnah, mulipotelea wapi?”

Kaltumi alimpa chai ya tangawizi, akamwambia ajionee mwenyewe, mtoto amepona. Huguette alimtazama Husnah akiruka, akatabasamu, kisha akaweka kikombe chini.

“Marie-Jeanne naye aliruka hivi, nikaacha dawa. Kumbe ugonjwa ulijificha tu. Mulipotukuta wodini, dada, sisi tulikuwa tunaanza mara ya pili.”

Miezi yote ile Kaltumi alidhani walianza pamoja. Aliingia ndani, akatoka amejitanda mtandio, kitabu cha kliniki mkononi, akamwita Husnah aache kamba.

Damu ilipimwa, ikaonekana safi bado. Daktari hakumgombeza Kaltumi, alimweleza taratibu kwa nini miaka miwili, na muuguzi akamshauri ampe vidonge wakati wa kulala. Kutapika kukapungua. Tangu hapo akina mama hao walikwenda kliniki pamoja, wakicheka njia nzima.

Husnah alimeza kidonge cha mwisho mwaka huu, mwezi wa tatu. Marie-Jeanne, ambaye dawa za mara ya pili huchukua muda mrefu zaidi, bado ana miezi sita. Kila siku yake ya kliniki Husnah humsindikiza, na wauguzi wamechoka kuwaambia wasikimbizane koridoni.