Sufuria ya Mama na Mbwa Aliyenenepa

Queenie alikuwa ameweka kidevu juu ya kiatu changu, akingoja sehemu yake. Dada yangu Vernelle, mwenye mbwa huyo, alisimama ubavuni pangu na mwiko mkononi, na watu zaidi ya sitini wa kanisa letu walikuwa wametulia wakinitazama mimi. Sahani ilikuwa mbele yangu, na mboga zilitoa mvuke wenye harufu ya moshi. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili, mtu mzima na kitambi changu, lakini uma nilikuwa bado nimeuacha mezani.

Ilikuwa Jumapili ya tatu ya Agosti, siku ambayo watu wetu waliohamia miji ya kaskazini, Newark na Philadelphia, hurudi kwetu Carolina kula pamoja kwenye uwanja wa kanisa. Hakuna anayegusa chakula kabla ya kuonjwa kwa sukuma wiki, mboga ya majani aliyoipika Mama. Mama alifariki nikiwa na miaka tisa, na tangu hapo sufuria yake imekuwa ya Vernelle. Utaratibu ni mmoja: mtoto wa kwanza hupakua, kitindamimba huonja, kisha hutamka maneno mawili, "Mama yupo." Hapo ndipo watu hula. Kitindamimba ndiye mimi, na maneno hayo nilikuwa nimeyatamka kwa zaidi ya miaka arobaini.

Mboga hiyo haikuwahi kupikwa bila mifupa ya shingo ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Na mimi nilikuwa sijameza nguruwe tangu Aprili.

Nitasema kwa nini, ingawa hata leo, miaka kumi na mmoja baadaye, sipendi kuirudia. Nilifanya kazi miaka kumi na tisa katika kiwanda cha kuchinja nguruwe, pale malori yanaposhushia. Kazi yangu ilikuwa kuwaswaga kutoka kwenye lori hadi mlangoni, na kazi hiyo inakufundisha kutowaangalia. Asubuhi moja mlango ulichelewa kufunguliwa, msururu ukasimama, na nguruwe mmoja jike akaniegemea mguuni. Akaniegemea tu, kwa uzito wake wote, kama Queenie alivyokuwa akifanya nikikaa kuvua viatu. Nikamkuna nyuma ya sikio bila kufikiri. Akafumba macho. Kisha mlango ukafunguliwa, na mkono uleule uliomkuna ndio uliomsukuma ndani.

Jioni ile nyama ilinikaa mdomoni, haikwenda mbele wala nyuma, nikaitema. Mwezi uliofuata nikapata kazi ya kuendesha basi la shule. Watu niliwaambia nimeacha kiwanda kwa sababu ya magoti.

Kumwambia Vernelle ndiko kulikonishinda. Aliacha shule akaenda kuosha vyombo hotelini ili mimi nivae viatu. Hajawahi kuniambia kwamba ananipenda, hunipakulia. Binamu yetu Cleotis aliwahi kurudi kutoka Newark, akaisukuma sahani yake pembeni na kusema kwamba siku hizi hali nguruwe. Vernelle hakumsemesha miaka sita, na siku alipomsemesha, tena msibani, alimwambia, "Sogea, unanizibia njia." Sikuoa, sina mtoto. Duniani nina Vernelle tu, na nilikuwa tayari kumdanganya mpaka kaburini kuliko kumpoteza.

Basi kila Jumapili baada ya ibada nilikaa mezani kwake, nikasifu chakula, na kumpitishia Queenie nyama chini ya meza, kipande baada ya kipande. Vernelle naye kila wiki alizidi kunipakulia. Sahani yake sikuiangalia hata siku moja, nilikuwa na shughuli na yangu.

Na kulikuwa na jambo la maji. Kwenye meza hiyohiyo tulikunywa maji ya chupa, kwa sababu kisima alichochimba Baba kilikuwa kimepimwa na tukaambiwa tusinywe tena maji yake. Mabwawa ya kinyesi cha nguruwe yako ng'ambo ya barabara. Yakijaa, hurushwa mashambani kwa mabomba, na upepo ukigeuka, nguo zilizofuliwa hurudi ndani zikinuka kuliko zilivyotoka. Vernelle alifunga madirisha Julai nzima, akalaani, halafu akaenda dukani kununua mifupa ya shingo. Nilitaka kumwambia kitu. Nikaomba chumvi.

"Onja, Lonzo," Vernelle aliniambia pale uwanjani. "Watu wana njaa."

Mbele ya macho yote yale nisingeweza kumpa mbwa. Niliwaza kwamba ni tonge moja tu, nimeze, niseme maneno mawili, yaishe. Nikainua uma. Nikamkumbuka yule jike alivyofumba macho. Nikauweka uma chini.

"Dada, siwezi," nilimnong'oneza. "Sili nyama tena. Tangu Aprili. Nimekuwa nikikudanganya."

Cleotis, aliyekaa karibu yangu, alisikia. Alinitazama kwa huruma ya mtu aliyekwisha kuipita njia hiyo.

Vernelle aliinama mpaka kofia yake ikanigusa sikio.

"Na wewe ulidhani Queenie ananenepa kwa maombi?"

Nikamtazama Queenie chini ya meza.

"Daktari wa mifugo kanigombeza mimi kwa dhambi zako. Nikawa nakuongezea makusudi, nione utasema lini. Miezi minne, Lonzo! Una kichwa kigumu kama Baba."

"Niliogopa utanifanya kama Cleotis."

"Cleotis aliisukuma sahani yangu kama takataka. Wewe umeuweka uma chini, ukaninong'oneza. Si kitu kimoja." Akanigonga begani kwa mpini wa mwiko. Watu walidhani ananikaripia. "Sasa itazame hiyo sahani kabla hujaendelea kuungama."

Nikageuza majani kwa uma. Sukuma, kunde, vitunguu, pilipili nyekundu. Hapakuwa na mfupa wala ule utando wa mafuta.

"Na moshi?"

"Vitunguu na pilipili. Nimevitundika siku mbili kwenye kibanda cha moshi cha Mama, palepale tulipotundika mapaja ya nguruwe." Sauti yake ikashuka zaidi. "Mei daktari aliniambia sukari ikipanda tena, mguu huu unakatwa. Nikaanza kula majani na kunde, nyama nanunua ya kwako tu. Sukari imeshuka. Halafu juzi nimeshika chupa ya maji ya dukani, naosha mfupa wa walewale waliotumalizia kisima. Nikajiona mjinga, mdogo wangu. Nikautupa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Hii ni sufuria ya Mama." Aliukamata mwiko kwa mikono miwili, na ndipo nilipoona kwamba naye anaogopa. "Ukionja ukasema hayupo, mimi nimekwisha. Onja basi."

Nikaonja. Ulikuja moshi kwanza, kisha uchungu kidogo wa majani, kisha siki kwa mbali, na nikawa na miaka minane, nimesimama mlangoni mwa jikoni. Sikuweza kumeza upesi kwa sababu ya machozi. Sijui kama nimewahi kufarijika kama siku ile.

"Mama yupo," nilisema, kwa sauti ya kufika meza ya mwisho.

Meza zikachangamka. Vernelle alivuta pumzi ndefu, akajifuta uso kwa aproni, kisha kabla ya mtu mwingine yeyote akampakulia Cleotis sahani iliyojaa. Cleotis akaitazama sahani, akamtazama, akaanza kula. Shemasi Purvis, anayejua nguruwe kuliko Maandiko, alirudi kupakua mara tatu na kuifuta sahani kwa mkate wa mahindi.

"Vernelle," alisema, "mifupa ya mwaka huu umeipata wapi?"

"Kula, Shemasi," dada yangu alimjibu.

Chini ya meza Queenie alinigusa goti kwa pua. Nikamwonyesha viganja vyote viwili. Akavinusa kimoja kimoja, akaguna, akaenda kujaribu bahati yake kwa Shemasi. Mimi nikaimaliza sahani yangu mwenyewe.