Mkubwa wa Swichi

Walimwita Ndimu kwa sababu ya ulimi wake, naye aliona wamechelewa kumpa jina. Alikuwa fundi wa mtandao hospitalini, na siku hiyo kamati ingetangaza mkuu mpya wa kitengo, cheo alichokitaka mpaka usingizi ukamruka. Dada yake, karani wa utumishi, alikuwa amemsihi wiki nzima apeleke jina lake kwa kamati.

"Niombe?" Ndimu alisonya. "Kazi yangu hawaioni? Kizuri chajiuza, dada."

"Hata sokoni hupangwa mezani kwanza, mdogo wangu."

Aka! Yeye akajipange mbele ya mbumbumbu wasiojua hata kuwasha kompyuta zao? Hakupeleka.

Sasa asubuhi hiyo hospitali nzima ilikwama. Majibu ya maabara hayafiki wodini, duka la dawa wanatazama kioo kitupu. Ndimu alifuata nyaya mpaka mapokezi, akainama chini ya meza, akakuta swichi kuukuu, kile kisanduku cha kuunganishia kompyuta, ingali na vumbi la stoo.

"Nani kaleta uchafu huu?"

"Mimi, mwanangu," alisema Mzee Kebo, fundi mwenzake aliyekuwepo kabla ya jengo kupakwa rangi ya kwanza. "Printa ilikosa tundu. Nikaifunga swichi hii kwa kebo mbili, ya maabara na ya chumba cha seva, moja ikikatika nyingine ipo."

Ndimu alisonya hadi wagonjwa wakageuka. Kebo mbili! Swichi zikiunganishwa kwa njia zaidi ya moja, huchagua mkubwa wao, kisha hufunga njia za ziada ili data isizunguke bila kukoma. Mkubwa ni ile iliyopewa namba ndogo zaidi ya kipaumbele. Isipopewa hata moja, huangaliwa anwani zilizoandikwa kiwandani, na mara nyingi kizee, chenye namba ndogo, ndicho hushinda. Basi takataka hii ya stoo ilikuwa imetawazwa, njia ya haraka ya maabara imefungwa, na data ya jengo zima inajikokota chini ya meza ya mapokezi.

"Yaani miaka yote hii hukuziwekea mkubwa?"

"Zilikuwa zinafanya kazi."

"Usipotaja mkubwa, mzee, wanamtawaza aliyezeeka! Hilo nalo mpaka ufundishwe?"

Mzee akatoa leso, akaiinamia swichi. Ndimu akakaa kwenye kompyuta, akaipa swichi ya chumba cha seva namba ndogo kuliko zote. Kisha akaishika laini kuu, ile inayobeba VLAN zote, yaani mitandao ya idara mbalimbali ndani ya waya mmoja, akairuhusu ipeleke mapokezi mambo ya mapokezi peke yake. Majibu yakaanza kumiminika wodini. Hakuna aliyemshukuru, na yeye hakuwatazamia watu wale kuwa na adabu hiyo.

Dada yake akaingia, hakukaa.

"Kamati imemaliza. Hawakupata jina hata moja."

"Kwa hiyo?"

"Wakaangalia aliyekaa kazini muda mrefu zaidi."

Ndimu aligeuka. Mzee Kebo alikuwa anaifuta vumbi ile swichi kwa leso yake, taratibu, kama mtu anayeosha sahani ya mgeni.

"Mimi sikuomba, mwanangu," alisema bila kuinua macho. "Nilijua cheo ni chako. Nilikaa kimya nikupishe."