Benye Banakula mu Nyungu ya Dorothée

Siku karani Norbert alishuka toka Fizi akikanyaga velo yake, muji yetu Lweba muzima iligeuka masikini. Bwana yangu Nicolas alikimbiza velo yake mu shamba ya mihogo, akaifunika na majani. Mama Jacques alifungia mbuzi yake mu jikoni, na ile mbuzi, shetani kabisa, ilikuwa inalia kila mara karani anafungua kinywa. Batu balivua viatu. Mi mwenyewe nilificha sufuria yangu mupya chini ya kitanda, na musinicheke, juu ata nyinyi mungeficha. Mutu ya serikali akikuuliza uko na nini, tangu lini alikuuliza juu ya kukuongezea? Sisi tulikomaa tukiona vile: banakuja kuhesabu, kisha banakuja kubeba.

Lakini mara ile balisema banahesabu juu ya kupana, hapana kubeba. Tulizidi kuogopa.

Kule Baraka, ku dispanseri, kulikuwa kumefika maziwa ya bunga mu mikebe, ya batoto benye mama yabo alikufa ao alikosa maziwa. Ilikuwa ya bure, lakini haikuwa ya kila mutu. Ku biro ya serikali, Fizi, baliweka kipimo. Karani anaandika batu bote ba nyumba, anajumlisha franga yenye kila mukubwa anapata kwa mwezi, anagawanya. Nyumba ikiwa chini ya kipimo, inapata karti ya kupokea maziwa. Ikipita, iende kununua mukebe ku duka ya Baraka, na mukebe ya duka ilikuwa bei ya bazungu.

Sasa, nyumba ni nini? Hapo njo mambo yote ilianzia. Kule biro balisema nyumba ni bote benye banakula mu nyungu moja. Mwenye aliwaza ile, pengine kwabo iko sawa: baba, mama, batoto, meza moja, mulango banafunga. Kwetu Babembe mwanaume hakule mu nyumba ya bibi yake. Anakula mu lubunga, ile nyumba ya banaume ya katikati ya muji. Kila bibi anapeleka bakuli yake kule, na banaume banakula mu bakuli zote pamoja, ya huyu na ya yule. Bibi mwenye bakuli yake haifike mu lubunga, batu banaanza kumuangalia. Banasema anakula peke. Na mwanamuke mwenye anakula peke, banasema chakula yake ya usiku ni batu; sitasema jina yenye banamupa, lakini ukipita karibu na mulango yake unamushika mutoto yako mukono.

Dorothée alikuwa jirani yangu, ukuta na ukuta. Raphaël, bwana yake, alikufa na kifua. Mwaka ile ile Émilienne, mutoto yake mumoja tu, alikufa akizaa, akaacha kasichana, Suzanne. Baba ya katoto alikuwa ameenda Albertville kutafuta kazi, na ata salamu hakutuma. Makaburi mbili mu nyumba moja! Unajua mudomo za batu. Balianza kusema polepole, kwanza ku mutoni, kisha ku soko. Juu ya ile, Dorothée hakukosa ata siku moja kupeleka bakuli mu lubunga. Bwana hakuna tena, lakini bakuli iko. Sombe ya majani ya mihogo, ndagala za ziwa, bugali ya kujaa. Mi niliona na macho yangu yeye analala njaa juu bakuli ifike yenye kujaa. Na Nicolas yangu, yule mulafi, alikuwa wa kwanza kuiingiza mukono. Aliniambia sombe ya Dorothée inashinda yangu. Nilimulipa ile maneno na chumvi ya kupita kiasi.

Lakini katoto hakakule sombe. Kalikuwa kanakunywa uji mwepesi ya mihogo, na kalikuwa kanaisha. Kilio yake ilipungua mpaka ikakuwa sawa ya kuku mudogo. Kila asubui, mbele nitoke inje, nilikuwa naweka sikio ku ukuta nisikie kama kangali. Kama kangepata ile maziwa, kangepona. Ata munganga ya Baraka alisema vile: maziwa, hapana dawa.

Karani alifika ku mulango ya Dorothée. Mi nilikuwa namenya mihogo ku mulango yangu, na masikio yangu, Mungu anisamehe, ni ndefu.

— Hodi, mama. Nimetoka biro. Naomba nikuulize mambo machache.

— Uliza, lakini simama pale pale.

— Mama, ni nani wanaokula katika chungu chako?

Dorothée alimuangalia. Akaniangalia mi. Akaangalia lubunga, penye banaume balikuwa banakaa na kugeuza masikio kwetu. Niliona uso yake inafunga. Alifikiri: huyu bamemutuma ajue kama nakula peke.

— Nani alikwambia uniulize ile?

— Ni biro, mama. Tunauliza kila mtu.

— Biro ya Fizi inajua nyungu yangu namna gani? Eh? Unataka kusikia nini toka kwangu? Andika basi! Andika muzuri! Banaume bote ba ile lubunga banakula mu nyungu yangu! Kila siku! Nicolas anakula, bavuvi benzake banakula, Anatole seremala anakula, kapita mwenyewe anakula! Baulize! Tangu Raphaël anioe sijakula peke ata mara moja!

Karani aliandika. Anatole, mwenye mission ya bapadri ilikuwa inamulipa. Kapita, mukubwa ya muji, mwenye serikali ilikuwa inamulipa. Bavuvi, kila mumoja na nyavu yake.

— Basi ni nyumba kubwa, mama.

— Kubwa sana! alijibu Dorothée, na kifua mbele.

Mama yangu! Nilisimama, maganda ikamwangika.

— Mama Émilienne, hakukuuliza ile! Anauliza mambo ya maziwa!

— Nyamaza, Mama Alphonse! Nani alikuita?

Lakini moyo ilikataa. Karani akipita mbele yangu, nilimupa maji mu kibuyu na nikainama karibu, nikamwambia na sauti ya chini: kwetu bakuli inaenda kwa bote, ile haiko nyumba, yule mama iko na mujukuu yake tu. Alikunywa yote. Alipanguza mudomo.

— Asante, mama. Lakini kila mtu anajisemea. Jirani hasahihishi.

Alipanda velo yake. Nikigeuka, Dorothée alikuwa anasimama ku mulango yake, mikono ku kiuno. Alikuwa ameona kichwa yangu na kichwa ya karani zimekaribiana. Kwa yeye ilitosha.

Siku ya kupana karti, alienda Baraka na katoto ku mugongo. Alirudi mikono mutupu, na hakuenda kwake. Alikuja moja kwa moja kwangu.

— Banasema nyumba yangu inapita kipimo! Mi Dorothée, mujane! Ati niko na seremala, niko na kapita, niko na bavuvi! Ulimwambia nini yule karani?

— Mi? Ni wewe ulimwambia! Mudomo yako njo ilikunyima maziwa!

— Ulimupa maji!

— Alikuwa na kiu!

— Maji na nini ingine? Muchonganishi! Ulilia na mi ku kilio ya mutoto yangu, kumbe unangojea na ya mujukuu!

Ile ilinichoma, sitaficha. Nilitaka kumushika nguo. Lakini katoto kaligeuza kichwa ku mugongo yake, kichwa kubwa juu ya shingo kama kijiti, na nguvu ya kugombana ikaniisha.

— Sikiliza, Mama Émilienne. Rudia kule. Sema mu nyumba yako munakula bawili tu, wewe na Suzanne. Basi. Batakupa karti.

Alicheka, kicheko mubaya.

— Ahaa! Njo pale ulikuwa unanipeleka! Niende kusema kwa serikali, na mudomo yangu, mi nakula peke. Kisha nyinyi mutakaa na kusema: mumesikia, amekubali mwenyewe, alikula Raphaël, alikula Émilienne, sasa anamaliza kale kadogo. Hapana, Mama Alphonse. Ata kama umenizunguka, sijakuwa mujinga.

Na ilikuwa kweli. Ile njo batu bangesema. Ata Nicolas alishakujaribu kuisema mu nyumba yangu, nikamufukuza inje na mwiko.

Tangu pale Dorothée alikataa salamu yangu. Alihamisha mafiga yake upande ingine, ati nisihesabu moshi. Aliongeza ata bakuli, akapeleka mbili mu lubunga pahali pa moja. Na mi, ku ukuta, nilikuwa nasikia katoto kidogo tu, kisha kidogo zaidi.

Munganga aliniambia karani atakaa tena ku dispanseri, siku ya soko, kusikiliza benye banalalamika. Nyumba inaweza kuandikwa upya kama batu bawili ba muji banashuhudia. Nilirudi na maneno ile kwa Nicolas.

— Utaenda na mi. Utasema haujaonja chakula ya Dorothée.

— Mi? Mwenye kila mutu anajua...

— Wewe, ndiyo. Tumbo ile yote ni ya nani?

— Mbele ya batu? Marthe, unajua byenye batasema juu ya yule mama. Na Anatole atanifukuza mu lubunga juu ya bongo, juu ya kudanganya.

— Utakula hapa na mi. Tutaona kama utakufa.

— Na yule mama mwenyewe, tumuambie?

Nilifikiri juu ya ile sana. Tukimwambia, atakataa, na atabakia nyumbani na kufunga mulango.

— Hapana, nilisema. Asijue.

Siku ya soko Dorothée alienda Baraka mwenyewe, juu katoto kalishikwa na homa na alitaka munganga akaone. Sisi tulifuata nyuma, mbali, njia ya pembeni ya ziwa. Akigeuka, tunasimama. Aligeuka mara mingi.

Ku baraza ya dispanseri bamama balijaa, ba Baraka na ba kwetu. Karani alikuwa nyuma ya meza, na muhuri yake pembeni. Munganga alikuwa amemupa jina ya Dorothée, akamuita.

— Mama, ulisema wanaume wote wa lubunga wanakula kwako. Bado unasema hivyo?

Katoto kalikuwa kamelala mu mikono yake, mudomo wazi, na hakakuwa kanalia tena. Nilisali: Mungu, mupe akili leo tu. Aliangalia bamama ba Lweba benye balikuwa nyuma yake, mumoja mumoja.

— Nasema vile, alijibu. Na nitasema vile mpaka nikufe.

Karani alianza kufunga makaratasi. Nilisukuma batu, nikafika mbele.

— Karani, huyu mama anadanganya. Hakuna mutu anakula kwake. Bakuli yake haifike mu lubunga. Nyungu yake ni ya yeye na kale katoto, basi.

Mama Jacques, mwenye alikuwa anakaa nyuma ya Dorothée, alivuta mutoto yake ku magoti na akasogea. Niliona. Karibu nikane yote yenye nilisema.

— Shahidi wa pili?

Nicolas alikuja. Alikuwa ameshika kofia na mikono mbili.

— Mi nakaa mu lubunga kila siku, alisema. Chakula ya huyu mama... siijue utamu yake.

Machozi ilimutoka, mwanaume muzima. Karani alifikiri pengine ni moshi ya jikoni ya dispanseri. Alichukua kalamu, akakata Anatole, akakata kapita, akakata bavuvi. Alibakisha Dorothée na Suzanne. Kisha akainua muhuri.

Sasa Dorothée aligeukia bamama, na uso yake ilikuwa ya mutu mwenye amepata kitu yake yenye ilipotea.

— Mumesikia? Mi nilisema! Mulifikiri niko na wazimu. Njo yeye! Tangu siku ya kwanza, njo yeye alinichongea!

Karani alisimamisha mukono juu. Aliniangalia.

— Ni kweli, mama? Siku ile ya maji, ndiyo maneno uliyotaka kuniambia? Kwamba anakula peke yake?

Kama ningejibu hapana, karti ilikuwa inakufa pale pale. Bamama bote balikuwa bananiangalia, ba Lweba, benye tunateka maji pamoja na tunazikana. Niliangalia katoto.

— Njo mi, nilisema. Tangu siku ya kwanza. Njo mi nilimuchongea.

Muhuri ilishuka.

Munganga alikoroga maziwa mu kikombe, Dorothée akakaa chini na kijiko. Ya kwanza ilimwangika ku kidevu. Ya pili katoto kalimeza. Bamama ba Lweba balikuwa bamesogea mpaka ku mwisho ya baraza, mbali na yeye na mbali na mi. Nilichukua hatua moja juu nimushikie kikombe, mikono yake ilikuwa imejaa.

— Rudi nyuma, aliniambia, bila kuinua macho. Usimuangalie mutoto yangu akikula.